Lamu Ziko Ngapi?

Mpwa wangu aliporudi kutoka Nairobi alinikuta dakani, nimetoka kuswali isha, birika la kahawa liko kando yangu. Akanisalimu, akanibusu mkono, akakaa kwenye baraza ya pili hata kabla ya kupanda juu kumwona mamake. Akatoa karatasi mkobani, mkataba wa mtu anayetaka kuweka pesa kwenye kampuni yake. Zilikuwa kurasa chache, zimekunjika kwa basi na boti ya Mokowe, na pembeni alikuwa ameandika maswali kwa penseli, hati ndogo kama sisimizi.

"Mjomba, nisomee hii uniambie. Hili ni deni au si deni?"

Nilikaa kaunta ya benki miaka kumi na minane, na kabla ya hapo nilikuwa kijana wa daftari kwa mwenye majahazi mawili hapa Amu, ndiyo Lamu. Nikajua swali hilo nitalimaliza kabla kahawa haijapoa. Nikasoma, nikarudia. Riba hamna. Tarehe ya kulipa hamna. Dhamana hamna, si nyumba, si shamba, si friza. Nikasema moyoni, basi ni hisa. Lakini hata hisa hamna: anayetoa pesa siku ya kutoa hapewi hata hisa moja.

"Si deni," nikamwambia. "Wala hujauza kitu. Niachie mpaka kesho."

Kesho yangu ilichukua wiki tatu. Nimeuliza watu, nimesoma usiku kwa simu mpaka macho yakaniwasha, nimegombana na kijana mwenyewe mara mbili. Nayaandika haya kwa sababu najua hapa pwani wako vijana wengine wenye karatasi kama ile mkobani na hawana mjomba wa kumsumbua.

Kampuni yake ni ya barafu. Mvuvi wa Kizingitini akivuta nyavu alfajiri, samaki wake huanza kupoteza bei pale pale. Jua likipanda, jicho la changu huingia ukungu, matamvua hugeuka kutoka wekundu mpaka rangi ya udongo, na mnunuzi hahitaji kuuliza kitu: anainua samaki kwa kidole, anatazama, anataja bei ya huruma. Kijana alianza na friza moja ya umeme wa jua, sasa anazo tatu. Mvuvi huchukua barafu jioni bila kulipa, huenda baharini, na akishauza hulipa kwa M-Pesa. Kila kilo inaandikwa kwenye programu aliyoitengeneza mwenyewe na rafiki yake waliyesoma pamoja Mombasa. Mwaka na nusu sasa. Anajua nani alivua nini, lini, kwa mashua ipi, akauza kwa nani. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi niliyewahi kuandika daftari la jahazi kwa kalamu ya wino, nilipoiona ile programu kwa mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Wavuvi hawa hawajawahi kuwa na daftari lao. Daftari siku zote lilikuwa la mwingine.

Daftari hilo ndilo lililompeleka Nairobi kutafuta wawekezaji.

Alikwenda mara nne. Mara ya kwanza aliingia chumba chenye watu watatu na kiyoyozi, akafungua slaidi zake, akaonyesha mchoro wa mauzo kwa mwezi. Mstari ulipanda vizuri tangu Novemba, ukapanda Januari, ukapanda Machi. Halafu Mei ukainama, na Juni ukaanguka kama jiwe. Mmoja wao akauliza kulikoni Juni. Kijana akajibu neno moja: "Kusi."

Hawakumwelewa. Na yeye, kwa kuwa amezaliwa na upepo huo, hakujua kwamba kuna mtu mzima nchini Kenya wa kuelezwa kusi ni nini. Akajaribu: bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, watu hushona nyavu na kusubiri. Wakaandika. Mmoja akamwuliza kama ana mpango wa kulainisha ule mstari. Aliporudi alinisimulia haya kwa uchungu, nami nikakasirika pamoja naye. Leo nadhani lile swali lilikuwa na haki ndani yake. Watu wale hutazama ukuaji wa mwezi kwa mwezi kwa sababu kampuni ikiwa changa hakuna kingine cha kupima. Hesabu za miaka mitano nyuma hakuna, mali hakuna, wakati mwingine hata bidhaa hakuna. Mstari ule mfupi ndio ushahidi pekee wa karatasi. Kosa letu lilikuwa kuupeleka uchi. Safari ya pili alichora mistari miwili, kaskazi kwa kaskazi na kusi kwa kusi, mwaka huu juu ya mwaka jana, na hapo ikaonekana kwamba hata Juni ile iliyoanguka ilikuwa zaidi ya maradufu ya Juni iliyotangulia. Hakuna aliyeuliza tena.

Nilichojifunza kwanza, basi, ni kwamba mwekezaji wa mwanzo hanunui biashara. Biashara bado haipo. Anamnunua mtu na ukubwa wa kile ambacho mtu huyo anaweza kukijenga. Y Combinator, kampuni ya Marekani inayoweka pesa kwenye kampuni changa, iliyoanzishwa mwaka 2005 huko Cambridge, Massachusetts, na Paul Graham, Jessica Livingston na wenzao wawili, ndiyo iliyoufanya utaratibu huu kuwa kama wa kiwandani: unajaza fomu, unatuma video ya dakika moja, na ukiitwa, mahojiano ni dakika kumi. Dakika kumi! Kwetu kununua mbuzi wa akika huchukua zaidi. Lakini Livingston ana sifa, na wenzake wenyewe wameitaja, ya kumsoma mtu: kuona kama waanzilishi wawili wanaheshimiana, nani anamkatiza nani, nani anajibu swali na nani analizunguka.

Nilipolisoma hilo nikamkumbuka mama yangu. Posa ikiletwa nyumbani, mahari yalikuwa ya mwisho kuzungumzwa. Kwanza alimtuma mtu kimya kimya mtaani kwa kijana yule: anasali wapi, anadaiwa na nani, anamjibuje mamake. Na hakuwauliza wale waliotajwa na familia ya kijana. Aliuliza muuza duka. Ndivyo wawekezaji walivyomfanyia mpwa wangu. Aliwapa majina matatu ya watu wa kuwauliza habari zake, wao wakampigia nahodha mmoja wa Faza ambaye hakumtaja kabisa, mtu aliyewahi kukosana na kijana kwa barafu iliyochelewa. Nahodha akasema: "Alichelewa, akaja mwenyewe kuomba radhi, akanilipa samaki walioharibika." Kijana alipopata habari alitahayari. Mimi nikamwambia, mwanangu, hiyo imekufaa kuliko slaidi zako zote.

Mfuko mwingine wa uwekezaji ulimfanyia jambo ambalo mpaka leo sijalimeza. Walimpokea vizuri, wakamwambia wamependezwa sana, wakaomba hesabu, wakaomba hesabu zaidi, wakasema watawasiliana. Miezi mitano. Hakuna aliyesema ndiyo na hakuna aliyesema la. Yeye kwa kusubiri pesa hizo hakununua friza ya nne kabla ya kaskazi, na kuna usiku wa Desemba mashua sita zilirudi na nguru watupu wasio na barafu, wakauzwa kwa bei ya kutupa. Sitawataja. Lakini nasema wazi: kunyamaza si adabu, na kwa kijana asiye na akiba ni hasara yenye uzito wa kilo na shilingi. Baadaye nilielewa kwa nini wanafanya hivyo. Ukisema la umejifungia mlango, na mfanyabiashara huyo akija kupaa, utajutia. Ukinyamaza, mlango uko wazi kwako. Kuelewa sababu hakujanipunguzia hasira.

Halafu akaja mmoja mpaka Lamu. Huyu alikuwa mtu wa adabu, amezaliwa Nakuru, anafanya kazi na mfuko mdogo unaoweka pesa kwenye kampuni zikiwa bado mbegu. Alilala hapa siku mbili. Alikwenda Kizingitini kwa boti, akakaa juu ya sanduku la barafu akiwauliza wavuvi maswali: tajiri wako ni nani, unamdai au anakudai, barafu ikikosekana wiki moja utafanyaje. Sikusikia swali hata moja la kujionyesha. Jioni tukasimama gatini, majahazi ya mawe na makuti yanapakuliwa, punda wamepangwa. Akamgeukia kijana, akamwuliza kwa upole kabisa:

"Lamu ziko ngapi?"

Mpwa wangu akanyamaza. Mimi nikaudhika. Nikamjibu mimi badala yake, Lamu iko moja tu, dunia nzima iko moja, ndiyo maana UNESCO waliuandika mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Mgeni akatabasamu, akakubali. Lakini swali halikuwa langu, na halikuhusu mawe ya mji.

Nieleze lilihusu nini, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mambo na ndipo wengi wetu tunapojeruhika bila sababu.

Pesa za mfuko kwa kawaida si za wanaouendesha. Zimetoka kwa mashirika ya pensheni, kwa matajiri, na huku kwetu Afrika sana sana kwa taasisi za maendeleo kama IFC ya Benki ya Dunia na British International Investment ya serikali ya Uingereza. Mfuko hupewa muda, mara nyingi miaka 10. Waendeshaji huchukua kama 2% kila mwaka kwa gharama, na 20% ya faida mwishoni. Sasa chukua mfuko wa dola milioni 20, uutawanye kwa kampuni 30. Wanajua tangu siku ya kwanza kwamba nyingi zitakufa, nyingine zitarudisha kile kile zilichopewa. Kwa hiyo moja au mbili lazima zirudishe mfuko mzima. Kama mwishoni wana 5% ya kampuni hiyo moja, ili 5% ile iwe dola milioni 20, kampuni lazima iuzwe kwa dola milioni 400. Fanya hesabu mwenyewe. Barafu ya kisiwa kimoja, hata ikiwa tamu namna gani, haifiki huko. Inaweza kulisha familia kumi kwa miaka arobaini na bado ikawa kwao ni kampuni iliyoshindwa.

Mtindo huu wa hesabu ni wa zamani. Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa profesa Harvard, alianzisha na wenzake kampuni ya uwekezaji, American Research and Development, mwaka 1946. Mwaka 1957 waliweka dola 70,000 tu kwa wahandisi wawili waliotaka kutengeneza kompyuta, kampuni ikaitwa Digital Equipment. Ilipoingia soko la hisa mwaka 1966, pesa zile zilikuwa zimezaa mamia ya mara, zikafunika kila kitu kingine ambacho mfuko ulikuwa umekigusa. Tangu hapo kila mwekezaji anaitafuta Digital Equipment yake. Andy Bechtolsheim aliandika cheki ya dola 100,000 kwa jina la Google mwaka 1998 kabla kampuni yenye jina hilo haijasajiliwa. Waanzilishi wake wakalazimika kwenda kuisajili ndipo waweze kuiweka benki.

Na wanakosea pia, sana. Mwaka 2008 vijana wa Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa wageni, walitafuta dola 150,000 kwa thamani ya kampuni ya dola milioni 1.5, maana yake 10%. Wakatambulishwa kwa wawekezaji saba. Watano wakakataa kwa barua, wawili hawakujibu. Mmoja wa vijana hao, Brian Chesky, alizichapisha barua hizo mwenyewe miaka saba baadaye. Leo ukitembea Shela, nyumba ngapi zinapangishwa humo humo? Wale watano hawakuwa wajinga. Walitazama watu wanaolaza wageni kwenye magodoro ya upepo, wakajiuliza swali lile lile la gatini: watu wa namna hii wako wangapi? Wakajibu: wachache.

Kwa hiyo kukataliwa hakukuambii kama kazi yako ni njema. Kunakuambia tu kwamba mtu mmoja, kwa siku ile, hakuiona ikiwa kubwa kiasi cha kurudisha mfuko wake. Ningependa kila kijana aliyewahi kurudi na basi la usiku kutoka Nairobi akiwa amevunjika moyo alisikie hilo kutoka kwa mtu wa kwao.

Siku hizi mambo yamekaza zaidi. Mpaka mwaka 2021 pesa zilikuwa rahisi, kwa sababu riba Marekani ilikuwa karibu na sifuri na wenye mali walitafuta pa kuziweka. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, mwaka uliofuata ikapita 5%, na mtu aliyekuwa akipata 5% akiwa amelala hakuwa na haraka ya kuja kutazama barafu. Mifuko iliyokuwa ikitoa pesa kwa wazo sasa inauliza wateja wanaolipa. Inauliza faida ya kilo moja moja, si mauzo ya jumla. Kingine, sehemu kubwa ya pesa imekimbilia akili bandia, na mpwa wangu ameulizwa mara mbili kama kampuni yake ina akili bandia. Na huku Afrika pesa nyingi zinaishia nchi nne: Nigeria, Kenya, Misri na Afrika Kusini. Unaweza kusema basi sisi tumo. Tumo kwenye ramani, lakini Kenya ya wawekezaji ina mipaka yake, na ikifika Mombasa imefika mbali.

Nitasema jambo moja hapa kabla sijarudi kwenye karatasi, maana linanikera likisahauliwa. M-Pesa, ambayo bila hiyo kampuni ya barafu isingekuwapo, haikuzaliwa na mfuko wa namna hii. Ilianza ndani ya Vodafone, ikasaidiwa na serikali ya Uingereza kwa ruzuku ya karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaongeza yake. Ilijaribiwa mwaka 2005 kwa watu wa kurejesha mikopo midogo, na wale watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Machi 2007 Safaricom ikaizindua kwa jambo hilo waliloonyeshwa na wateja. Ziko pesa za aina nyingi duniani. Mlango wa mfuko ni mmoja tu kati ya milango.

Sasa karatasi.

Inaitwa SAFE, kifupi cha maneno yenye maana ya makubaliano mepesi ya hisa za baadaye. Ilitungwa Y Combinator mwishoni mwa 2013 na wakili wao Carolynn Levy, na mwaka 2018 wakaibadilisha ikawa hii inayotumika sasa karibu kila mahali. Kabla yake watu walitumia mkopo unaogeuka hisa: una riba, una tarehe ya mwisho, na tarehe ikifika kampuni ikiwa bado changa, mwenye pesa amekushika shati. SAFE iliondoa riba na tarehe. Mwenye pesa anatoa leo, anasubiri. Siku kampuni itakapouza hisa kwa bei kamili kwa mwekezaji mkubwa, pesa yake inageuka hisa. Kampuni ikifa kabla ya hapo, anapata mabaki kama yapo. Hakuna wa kumfuata mtu nyumbani.

Y Combinator wenyewe hutoa dola 500,000: kati yake 125,000 ni kwa 7% ya kampuni, na 375,000 zinakaa kwa SAFE isiyo na kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kugeuza pesa kuwa hisa, ikisubiri masharti bora atakayopewa yeyote atakayefuata. Mpwa wangu hakupewa hizo. Yule bwana wa Nakuru alimpa ofa ya dola 100,000 kwa kikomo cha thamani cha dola milioni moja, na mtu binafsi wa Mombasa, wale ambao wenyewe huwaita malaika, akaahidi dola 50,000 kwa masharti hayo hayo. Sharti jingine: kampuni isajiliwe Delaware, Marekani, na ile ya Kenya iwe mtoto wake. Kampuni ya barafu ya Amu, mama yake yuko Delaware. Ni kawaida siku hizi, mawakili wa wawekezaji wanaijua sheria ya huko. Lakini ina gharama kila mwaka, na nilimwomba aiandike gharama hiyo kwenye daftari kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Tulimpelekea mwalimu wetu wa darsa. Alivaa miwani, akasikiliza tafsiri yangu kifungu kwa kifungu. Alipendezwa kwamba riba hamna. Kisha akauliza:

"Bei ya hisa mmekubaliana?"

"Bado, Mwalimu."

"Idadi ya hisa?"

"Bado."

"Siku ya kukabidhiana?"

"Haijulikani."

"Basi mwauziana nini?"

Kijana akaeleza kikomo cha thamani: kwamba dola 100,000 juu ya milioni moja ni 10%, na bei ya hisa ikija kuwa chini ya kikomo, mwenye pesa atapata zaidi ya hapo. Mwalimu akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Hakutoa hukumu. Alisema katika mudharaba mwenye mali hutoa mali, mtendaji hutoa kazi, na fungu la kila mmoja hutajwa kabla tanga halijapandishwa. Faida mtagawana hivyo. Hasara ikija bila uzembe, mali ndiyo inayoumia na mtendaji jasho lake limekwenda bure. "Bibi Khadija alimpa Mtume mali yake akaenda nayo Shamu," akasema. "Kila mtu alijua msafara utarudi, na ukirudi kutafanywa hesabu. Huu msafara wenu unarudi lini?"

Usiku ule tulipiga hesabu dakani, yeye kwa simu, mimi kwa karatasi. Dola 150,000 juu ya milioni moja: 15% imekwenda. SAFE hii ya tangu 2018 ina jambo ambalo vijana wengi hulikuta wamechelewa: SAFE moja haiipunguzi nyingine. Ukimkaribisha wa pili na wa tatu, fungu lao lote linakatwa kwenye fungu la waanzilishi. Wamebaki na 85%. Aje mwekezaji mkubwa achukue 20%, na adai 10% itengwe kwa wafanyakazi watakaoajiriwa. Zilizobaki 70% ndizo zinazogawanywa kwa wa zamani: wenye SAFE 10.5%, waanzilishi 59.5%. Wao ni wawili. Kila mmoja 29.75%, kabla mashine moja ya maana haijafika Kizingitini.

"Ni kidogo?" akaniuliza.

"Ni kidogo cha kitu gani?" nikamwuliza. Karibu thuluthi ya kampuni ya barafu ya pwani nzima ni mali kubwa. Thuluthi ya kampuni ya barafu ya Amu, yenye watu wanaokusukuma uikuze au uiue, ni balaa. Tukarudi pale pale gatini.

Tukaizungumza pia habari ya tajiri, kwa sababu kwetu mwekezaji wa kwanza wa mvuvi ni yeye. Humpa nyavu, humpa mashine ya boti, mtoto akiugua usiku humpa nauli ya hospitali. Kisha samaki wote ni wake kwa bei yake. Deni hilo halina karatasi wala mwisho. Nimeona mtoto akilirithi. Kando yake ulikuwapo utaratibu wa jahazi nilioandika mimi mwenyewe kwa miaka: nauli ikishapatikana, kwanza zinatolewa gharama, chakula, mafuta, marekebisho ya tanga. Kinachobaki kinagawanywa kwa mafungu, la chombo, la nahodha, la mabaharia. Safari ikiwa mbaya, kila mtu amekula hasara ya fungu lake. Chombo kinaporudi hesabu imekwisha, na safari nyingine ni mkataba mwingine. Nilimwambia kijana: friza za Amu ni safari ya jahazi. Pwani nzima ni ile karatasi.

Alikaa na neno hilo siku nne. Kisha akaja na daftari la kawaida la shule. Watu watano tukatia shilingi 600,000 kwa friza mbili na paneli: mimi, shemeji yangu, fundi mmoja wa mashine za boti, mwalimu mstaafu, na mama anayekaanga samaki karibu na soko, ambaye alitoa kidogo kuliko sisi na kuuliza maswali mengi kuliko sisi wote. Baada ya gharama, sehemu 60 za kampuni, 40 zetu. Miaka miwili, kusi mbili na kaskazi mbili, hesabu kila mwisho wa mwezi, halafu friza ni za kampuni. Yule mama alisisitiza iandikwe kwamba mwezi wa Juni asiulizwe mtu kwa nini fungu ni dogo.

Kwa bwana wa Nakuru aliandika barua fupi. Alimshukuru, akamweleza kwamba hatatia saini sasa, na akampa sababu bila kuzunguka: swali lake hajaweza kulijibu, na hataki kuchukua pesa za swali ambalo hajalijibu. Jibu lilikuja siku ile ile. Alisema ofa itakaa wazi mpaka mwisho wa kaskazi, na kwamba amefurahi kupewa la lenye maelezo.

Juzi alfajiri simu yangu ililia. Upepo ulikuwa unapiga kwenye simu, na nyuma yake sauti za watu wakivuta mashua. Alikuwa Kipini, mdomoni mwa Mto Tana, ameanza safari ya kushuka pwani kwa basi na pikipiki, gati kwa gati, akiwa na mizani ndogo na lile daftari la shule.

"Mjomba, shikamoo. Nimehesabu mashua arobaini na moja hapa. Barafu wanaletewa na lori, mara mbili kwa wiki."

"Marahaba. Na tajiri?"

"Wako watatu. Kesho naenda Ngomeni, halafu Malindi."

Nikamwambia aangalie na matamvua. Akasema ameshaangalia.